Udongo wa Chini ya Mfereji

Juu ya Usa River
11 Februari 2024

Mwanangu Catherine,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku hatujambo. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike, na kahawa ya upande wa juu imeanza kutoa maua kabla ya wakati wake, sijui jua hili linatafuta nini. Mwanangu Gadiel anakusalimu, ingawa nimemwambia asikusalimu. Mkono wangu wa kulia bado unauma asubuhi, kwa hiyo ukiona herufi zimelala ujue ni mkono, si akili.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati Elerai na hapa ni magari mawili tu. Ni kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikisema neno moja wewe una matatu, halafu ukizidiwa unasema mtandao unasumbua. Simu nimeizima, nimeifungia kabatini. Barua hii anakuletea Paskalina, yule anayeshusha ndizi soko la Kilombero, na jibu umpe yeye. Karatasi haimkatizi mtu.

Januari ulikuja na vijana wako wawili wa maabara ya udongo. Nikawachinjia jogoo. Mkaingia kihamba changu, shamba la urithi la chini ya mfereji, pale nilipowapa kanisa wajenge chekechea, mkashindilia ardhini chuma chenu chenye mabawa manne, mkakizungusha kama mtu anayekamua nguo, mkaandika. Kisha mkajaza udongo kwenye mirija ya chuma mkaiziba. Gari lenu likafa palepale. Mkapanda Noah ya abiria mkarudi mjini, mirija mkaniachia mimi niitunze, nikaitunza mpaka gari lilipopona na kuifuata. Asante sikuidai.

Leo baada ya ibada Mzee Sumari, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, kasimama mbele ya usharika mzima akasema binti wa marehemu Aminieli, ndiye wewe, amekataa kuweka sahihi kwamba kiwanja kinafaa kujengwa. Mimi mzee wa kanisa nimekaa benchi la mbele, nasikia habari za nyumbani kwangu kama mgeni aliyepita njia. Tumetoka nje, Gadiel ananiambia kijana wako mmoja alishampigia simu akamwambia udongo wetu ulipokandamizwa na mashine huko maabara ulikuwa mgumu ajabu, mpaka mashine ikalalamika. Kumbe udongo unafaa. Asiyefaa ni wewe.

Mawe yameshafika. Mchanga umeshafika. Nieleze, na usinieleze kwa Kiingereza. Na usikanyage hapa kwangu mpaka uwe na sahihi mkononi.

Shangazi yako,
Eunike


Elerai, Arusha
17 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa salama. Sisi tupo. Yona ameota meno ya mbele na anang'ata kila kitu hadi mguu wa meza. Baba yake bado yuko safarini. Maji hapa mtaani yanatoka yakijisikia, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimezungukwa na ndoo.

Umenisema mbele ya Paskalina kabla hata sijaifungua barua, maana alinikabidhi kwa uso wa mtu aliyeleta hati ya mashtaka. Basi na mimi nitasema bila kuficha. Nimekasirika, shangazi. Nimekasirika kuliko ninavyoruhusiwa kumkasirikia mkubwa wangu, na nakuomba radhi kwa hilo moja tu.

Kile chuma chenye mabawa kazi yake ni kuuliza udongo swali hukohuko ulipo: nikikuzungusha, utakatika lini? Kiwanja chako kilijibu vibaya. Juu kidogo, kwenye mizizi, kilishikashika. Tulipofika usawa wa msingi chuma kilizunguka kwa mkono mmoja. Na tulipoendelea kuuzungusha udongo uliokwisha kukatika, ukalegea kabisa kama uji. Udongo wetu huko umetokana na majivu ya volkano. Ukiuacha unasimama vizuri, unadanganya watu, lakini ukiusumbua haukumbuki tena kama ulikuwa na nguvu. Na juu yake kuna mfereji unaovuja mchana na usiku.

Halafu mirija ikafika maabara. Tukausukuma udongo nje, tukausimamisha kwenye mashine na kuukandamiza mpaka uvunjike, na majibu yakawa ya tofali. Shangazi, udongo hauwezi kuwa uji kwako na tofali kwangu. Mkuu wangu, Injinia Meitamei, ameniuliza kama nilikuwa nimelewa siku ya kupima. Nimefanya kazi hii tangu nimalize chuo, sijawahi kuulizwa hivyo.

Kwa hiyo na mimi nauliza. Nani aliigusa ile mirija? Ilikaa kwako. Gadiel ndiye aliyeleta mawe kwa trekta lake, na jengo lisiposimama mawe yatarudi bila malipo. Ule udongo mkavu wa kichuguu cha barabarani unafanana sana na nilioukuta ndani. Kama aliubadilisha, aseme.

Tusizungukane pia. Najua kwa nini unataka pale na si pengine. Kaburi la binti yako Brenda liko nyuma ya migomba ileile. Brenda nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, kwa hiyo usiniambie sijui. Lakini humo ndani watakaa watoto wa watu, na sitaweka sahihi ukuta uwalalie.

Catherine


Juu ya Usa River
2 Machi 2024

Catherine,

Salamu sina. Ng'ombe hajambo, ndama hajambo, wao hawajanitukana.

Barua yako kaisoma Gadiel, maana miwani yangu ilikuwa haionekani, nikampa anisomee kwa sauti jikoni. Akafika pale ulipomwita mwizi wa udongo. Hakusimama, alisoma mpaka mwisho, akaikunja, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Hakula mchana ule. Huyu ndiye mdogo wako aliyekubeba mgongoni ulipoteguka mguu kwenye mfereji, mkiwa mmetoka kuiba maparachichi ya watu. Hivi wewe mjini wanakulisha nini?

Nani kaigusa mirija, unauliza. Mimi. Mimi Eunike ndiye niliyeigusa, kwa mikono hii miwili, na hakuna mtu mwingine aliyeikaribia. Uliniambia niitunze, nami situnzi kitu ovyo. Vijana wako waliiziba kwa nta chafu utadhani mabaki ya mshumaa, na ndani nilijua ni unyevu mtupu, udongo umetoka chini umelia maji. Kitu kibichi ukikifungia kinaota ukungu, hata mtoto anajua. Nikaibandua ile nta, nikaipandisha mirija yote darini juu ya moto, pale ninapoweka mbegu ya mahindi. Ilikaa hapo siku zote mpaka gari lilipokuja, na kila asubuhi niliigeuza ili moshi uipate pande zote. Siku ya kuondoka nikairudishia nta yenu vizuri kwa kuiyeyusha, wasije wakasema mama huyu ni mchafu. Mbegu zangu za mahindi sijawahi kuzihudumia hivyo.

Hiyo ndiyo shukrani yangu. Nakutunzia udongo kama mbegu, unamwita mwanangu mwizi.

Na habari ya lile jina, usilitaje tena kwenye karatasi. Nataka pale kwa sababu ni kihamba changu. Sina sababu nyingine, na kama ninayo si ya kwako.

Mzee Sumari amesema kamati itatafuta mtu mwingine wa kuweka sahihi. Nimemwambia atafute.

Eunike


Elerai, Arusha
9 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nilipofika kwenye dari nikakaa chini kwenye ngazi. Nimecheka mpaka Yona akaanza kulia, kisha nikashikwa na hasira mpya. Sijui hata niielekeze wapi.

Shangazi, umeukausha. Nguvu ya udongo wa mfinyanzi inategemea maji yaliyomo ndani yake. Ile nta haikuwa uchafu, ilikuwa kifuniko cha kuzuia maji yasitoke hata tone, ili maabara tuupate udongo vilevile ulivyolala chini ya kiwanja chako. Wewe ukaufungulia, ukauchoma moshi, ukaugeuza pande zote. Uliotufikia ulikuwa sawa na chungu kabla ya tanuri. Na huu wa majivu ni mbaya zaidi, maana ukishakauka sawasawa hata ukiurudishia maji haurudi kuwa ule wa mwanzo. Mashine ilisema kweli, ila ilisema kweli juu ya dari lako.

Kwa hiyo kipimo cha shambani ndicho sahihi. Pale chini ya mfereji hapajengeki. Sitazunguka neno hilo.

Gadiel nimemwandikia kikaratasi chake peke yake, kiko ndani ya hii, na naomba safari hii miwani yako ionekane ili akisome mwenyewe. Nimemkosea na nimemwambia hivyo. Wewe nakukasirikia bado. Hukuniuliza. Ungeniuliza neno moja tu, Catherine, hii nta niitoe? Lakini shangazi yangu haulizi, anajua. Na mimi pia nimejikasirikia, maana nilisema "itunze" nikapanda Noah, kana kwamba sikukulia jikoni kwako na sijui mtu wa huko akiambiwa atunze kitu hufanya nini.

Masika imekaribia. Nakuomba msichimbe chochote kabla sijarudi kuchukua udongo mwingine. Uliniambia nisikanyage kwako bila sahihi. Sahihi sina na sitakuwa nayo. Niruhusu nije hivyohivyo.

Mwanao,
Catherine


Elerai, Arusha
14 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni mara ya tatu Paskalina anakuja sokoni mikono mitupu. Leo nimembana mpaka akasema. Anasema mmechimba msingi. Anasema vijana wa kamati walianza mvua ilipopumzika, na kwamba kuna fundi mkuu mmoja, jina hakulijua, ambaye yuko tayari kuweka sahihi kwa majibu yale ya maabara, ya udongo wa darini.

Majibu hayo nimeyafuta. Injinia Meitamei nimemweleza habari ya dari, akauliza kama shangazi yangu anataka kazi. Mzee Sumari nimemwandikia kwamba hayatumiki, na nakala nimepeleka halmashauri. Najua umeshasikia, na najua utasema nimeipeleka aibu ya ukoo kwa serikali. Sema.

Mimi sikubembelezi tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta ukianguka hautakuwa na mtu wa kuujenga. Mtoto wa Nashipae jirani yako ataanza chekechea mwakani. Siku mkipandisha tofali la kwanza nitakuja kukaa ndani ya huo msingi na Yona mgongoni, na wewe ndiye utakayekuja kunitoa, mbele ya usharika.

Nijibu, hata kama ni matusi.

Catherine


Juu ya Usa River
5 Mei 2024

Mwanangu Catherine,

Bwana Yesu asifiwe. Ndama anakunywa vizuri. Mvua imetupiga, kahawa imeangusha maua, na daraja la miti la kwa Nashipae limekwenda na maji, wanazunguka juu. Gadiel alikisoma kikaratasi chake mwenyewe. Hakuniambia kina nini, lakini siku hiyo alikula, na kesho yake alipeleka trekta kusaidia daraja akiwa anaimba. Sasa anakusalimu kwa ruhusa yangu.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu haina haraka. Halmashauri, Catherine. Umenipeleka halmashauri. Baba yako angekuwepo angekuchapa ukiwa na mtoto mgongoni. Hilo sijalimaliza, tutalimaliza uso kwa uso.

Lakini nilikusoma. Nikajiambia huyu mtoto anasema moshi wangu umedanganya mashine, ngoja nione mwenyewe. Vijana walipochimba msingi nilishuka nikachukua bonge la udongo kutoka chini kabisa, nikalikata kwa panga katikati. Nusu nikaipandisha darini. Nusu nikaifunga kwenye jani la mgomba, jani juu ya jani, nikaiweka chini ya mtungi wa maji palipo baridi. Nikaviacha mpaka Jumapili ya pili.

Baada ya ibada nikaviweka vyote viwili kwenye ngazi ya kanisa, kamati yote imesimama. Nikamwomba Mzee Sumari avikanyage. Alikuwa na viatu vyake vyeusi vya Pasaka, hakutaka, nikamwambia kama anaona tabu kukanyaga, basi asijenge juu yake. Akakanyaga wa darini. Ukamkataa kisigino, akayumba, mwinjilisti akamshika mkono. Akakanyaga wa kwenye jani. Ukatoka pande zote za kiatu na mguu ukafika kwenye ngazi. Naye si mtu wa kushindwa upesi, akasema basi tungoje kiangazi, udongo ukauke wenyewe, ndipo tujenge.

Nikamwambia, "Mzee Sumari, na masika ikirudi, mlima mzima utaupandisha kwenye dari la nani?"

Hapo ndipo kamati ilipovunjika, kila mtu akakumbuka ana ng'ombe. Yule fundi mkuu sijamwona tena. Msingi uko wazi, umejaa maji ya mfereji, na ukingo wa chini umelala wenyewe usiku mmoja bila kuguswa na mtu. Nimemwambia Gadiel aufukie kabla mtoto wa mtu hajatumbukia.

Sasa nisikilize, na usifurahi. Sijasema umeshinda. Nilikaa siku nyingi nimemkasirikia kila mtu. Nimekukasirikia wewe, nimeukasirikia mfereji uliochimbwa na babu zetu, nimemkasirikia na Mungu, na nimemwambia. Uliandika kwamba unajua kwa nini nataka pale. Ulijua nusu. Brenda alifundisha watoto wa wengine miaka yote ile akisema akipata wake atawafundisha nyumbani, wamsumbue mpaka achoke. Hakupata. Nilitaka awe na watoto wa kumsumbua hapo alipo. Nilitaka awasikie. Basi, nimelitaja mimi, usilijibu.

Jumapili iliyopita nilishuka kaburini kung'oa magugu. Mvua ilikuwa imekatika. Watoto wa Nashipae walikuwa wanacheza uani kwangu kule juu, wanagombania ndama. Catherine, nilisikia kila neno. Nilisikia mpaka tusi alilotukanwa ndama, na nani kalitukana. Nikasimama na magugu yangu mkononi. Mimi nikimwita Gadiel kutoka kule chini hanisikii, na siku zote nilidhani ni kiburi chake. Sauti inashuka na maji, haipandi.

Na unajua kama ninavyojua kwamba pale juu pana sehemu moja tu tambarare ya kutosha jengo, na ardhi yake ni ngumu, marehemu mume wangu alivunja majembe mawili akichimba msingi. Ni pale iliposimama nyumba yangu. Mabati yake yamechoka na ukuta wa nyuma umechoka, na mimi nimechoka kufagia vyumba visivyolala mtu. Waivunje, wajenge hapo. Gadiel atanipa chumba kwake, na jiko langu halivunjwi, wala dari lake. Mzee Sumari nimemwambia, akalia, mimi sikulia.

Lakini sitaki ya kuambiwa. Mume wangu alivunja majembe, sawa, ila inawezekana alikuwa na majembe mabovu. Nataka kipimo. Uje na Yona nimwone hayo meno. Jogoo hakuna, yule wa kwanza ulimla bure. Mirija yako utailinda mwenyewe, utalala nayo ubavuni ukitaka, mimi sitaigusa hata ikikaa njiani kwangu. Na ukikuta chini ni uji, uniambie uji.

Uanzie chumbani kwangu, penye kona ya dirisha, ndiko watakakokaa wadogo kabisa. Kitanda nimeshakisogeza.

Shangazi yako,
Eunike